Jani la kijani kwenye chupa halisafishi Ziwa Kivu

Bwana Mhariri,

Naandika kuhusu habari mliyochapisha juu ya taka za plastiki zinazoziba mitambo ya umeme ya Ruzizi I, bwawa lililo kwenye mto Ruzizi unaotoka Ziwa Kivu. Kinachoniumiza ni kwamba chupa nyingi tunazoziona zikielea ufukweni zimechorwa jani la kijani na kuandikwa kwamba ni rafiki wa mazingira. Kampuni inayochora jani hilo lakini haina hata kituo kimoja cha kupokea chupa zake hapa Bukavu, iwe Kadutu au Ibanda, inamdanganya mnunuzi, kwa sababu mvua ikinyesha chupa hizo hushuka na mifereji hadi ziwani, na mtu aliyezinunua kwa nia njema ndiye anayebaki gizani umeme unapokatika. Siku moja ya kuokota taka mbele ya kamera haibadilishi hesabu hiyo.

Dawa tunayo tayari. Chupa za kioo za bia na soda hazizagai barabarani, kwani mnunuzi huweka dhamana na kurudishiwa pesa yake akileta chupa tupu. Mama zetu wenye maduka wanaujua utaratibu huo vizuri kuliko mtaalamu yeyote. Naiomba serikali ya jimbo la Kivu Kusini iwalazimishe watengenezaji wa vinywaji kuweka dhamana hiyo kwenye plastiki pia, na imkataze yeyote asiyetangaza kila mwaka ameuza chupa ngapi na amekusanya ngapi kutumia neno «mazingira» katika matangazo yake.

Msomaji wenu,
Ibanda, Bukavu