Barua kwa mwanangu aliye Bozeman

Mwanangu Amani,

Salamu kutoka Missoula. Sisi wazima, na lengalenga zimeota vizuri kuliko mwaka jana.

Uliponiambia kwenye simu kwamba unaacha masomo ya kilimo uingie siasa, kwa sababu mkulima hasikilizwi, sikulala. Kidonda hicho nakijua. Kule kwetu Fizi, Kongo, mbunge tulimwona wakati wa kura tu. Lakini nani kakwambia lazima uache kimoja ndipo ushike kingine?

Mtazame Jon Tester, mkulima aliyekuwa seneta, wa hapa hapa Montana. Shamba lake karibu na Big Sandy lilifunguliwa na babu na bibi yake mwaka 1912; ni ekari 1,800 za ngano, shayiri na dengu. Mkono wake wa kushoto una vidole viwili. Vitatu vilikatwa na mashine ya kusagia nyama akiwa na miaka 9. Kila nikiuona mkono ule pichani namkumbuka babu yako na kidole chake kilichokwenda na panga.

Hakuanzia juu. Alifundisha watoto muziki shuleni kwao, akakaa kwenye kamati ya shule. Mwaka 1997 bunge la jimbo likaiachia biashara ya umeme soko huria, naye jambo hilo likamkasirisha. Mwaka 1998 akagombea Seneti ya jimbo, akashinda. Mwaka 2005 akawa rais wa Seneti hiyo, na 2006 akashinda kiti cha Seneti ya Marekani kule Washington, alikokaa miaka 18 mpaka aliposhindwa 2024. Muda wote huo shamba hakuliuza.

Tena angalia kalenda, baba. Bunge la jimbo letu, kule Helena, hukutana mara moja kila miaka miwili, kuanzia Januari, siku za kikao zisizozidi 90. Likifungwa, theluji inayeyuka na mkulima anawahi kupanda ngano ya masika. Huyo aliyepiga kura asubuhi ya Aprili, sheria yake anakutana nayo baadaye shambani kwake, kama majirani zake. Mtu wa namna hiyo ndiye tuliyemkosa Fizi.

Malizia shahada yako. Jumamosi njoo sokoni tuuze mboga. Mzee wa meza ya jirani anatafuta kijana wa kuingia kwenye kamati ya wakulima wa soko letu. Nimeshampa jina lako.

Baba yako