Barua ya wazi kwa madiwani wapya: ile asilimia 15 ni yenu

Waheshimiwa madiwani, wanangu,

Marahaba. Mimi ni mhasibu mstaafu wa halmashauri, na haya ninayowaandikia yalipita mikononi mwangu.

Mtumishi wa umma hukatwa asilimia 5 ya mshahara, mwajiri anaongeza 15, zote zinakwenda PSSSF, mfuko wa pensheni wa watumishi wa umma. Mwalimu anayelipwa na Hazina hanitishi sana, makato yake yanamalizwa hukohuko. Nawahofia mnaowalipa kwa mapato ya ndani: mlinzi, dereva, mhudumu wa ofisi. Mwajiri wao ni ninyi.

Mwaka mmoja mvua zilikata barabara, greda likakosa dizeli. Fedha za michango zilikuwa kwenye akaunti. Bosi akasema tutazirudisha mwezi ujao, nami nikasaini hati ya malipo. Mwezi ujao ukaja na ugeni wake, na uliofuata na lake. Miaka ikapita, mlinzi wetu akastaafu. Alikuja na bahasha ya kaki, ndani yake hati za mshahara zimepangwa mwaka kwa mwaka na kubanwa kwa pini. Kila moja inaonyesha amekatwa. Taarifa ya mfuko ilikuwa na miezi 14 mitupu. "Mzee, hizi zilikwenda wapi?" aliniuliza kwa upole. Afadhali angenitukana.

Najua kuna atakayesema Serikali Kuu itafidia. Ni wajibu wake kubeba ilichoahidi, sibishi. Lakini tazameni mwendo wake. Kabla ya Julai 1999 watumishi wa Serikali Kuu hawakuwa wakichangia. Pensheni yao ilikuwa ahadi ya Hazina. PSPF, mfuko wao wa pensheni ulioanza hapo, ikabebeshwa hata ile miaka ya nyuma, ikawa inawalipa wazee kwa michango ya walio kazini huku ikiidai Serikali. Agosti 2018 mifuko minne ikaunganishwa, na LAPF yetu ya serikali za mitaa ikaingia chungu kimoja na deni hilo. Desemba 2021 ndipo ikatolewa hati fungani ya shilingi trilioni 2.17, nayo isiyo taslimu. Ni hatua, naipongeza. Ila hesabuni wenyewe: miaka 22, na kilichofika mezani ni karatasi ya kuahidi.

Kwa hiyo Kamati ya Fedha ikikaa, kabla hamjagusa posho (nawajua), ombeni orodha ya majina na uthibitisho kwamba mfuko umepokea mchango wa kila mmoja. Mkijibiwa "ipo kwenye mchakato", msifunge kikao. Na mkikuta malimbikizo ya zamani, yaingizeni kwenye bajeti kwa jina lake, deni la michango ya wastaafu. Msikubali yakae kwenye "madeni mengineyo". Huko ndiko nilikoyaficha mimi.

Ni mimi mzee wenu,
Mhasibu mstaafu