Msichonge slaidi ya bastola mnayotembea nayo

Mhariri,

Mpwa wangu, mfanyabiashara wa Mombasa mwenye leseni halali ya bastola, alinitumia picha mwezi uliopita. "Mjomba, ukija Desemba niletee slaidi kama hii." Slaidi ni kile chuma cha juu cha bastola kinachorudi nyuma risasi inapotoka, kisha kikarejea mbele. Ya kwenye picha ilikuwa imetobolewa madirisha matatu kila ubavu, mtutu wa rangi ya dhahabu ukichungulia ndani. Nimemkatalia. Naomba nafasi kidogo nieleze kwa nini, maana si yeye peke yake anayeniuliza.

Mimi ni mzaliwa wa Kibokoni, naishi Houston, Texas. Kazi yangu ni kuchonga vyuma kwa mashine, na kwa miaka 11 sasa slaidi za bastola zimekuwa zikipita mezani kwangu karibu kila siku. Huku ni jambo la kawaida. Tangu Septemba 1, 2021, mtu wa miaka 21 na zaidi ambaye sheria haimzuii kumiliki silaha hutembea na bastola Texas bila kibali. Wengi huichomeka kiunoni, ndani ya suruali, shati likaifunika. Wanataka isinase nguo, wailenge upesi, na ipendeze. Mawili ya kwanza nayaelewa.

Tazama kinachotokea ukifyatua bastola aina ya Glock. Mtutu na slaidi hurudi nyuma pamoja vikiwa vimeshikana, milimita chache tu, halafu mtutu huinama ukajitoa. Slaidi huendelea peke yake: inang'oa ganda, inalitupa nje, inabana springi, kisha springi inaisukuma mbele ikizoa risasi mpya kwenye magazini, kile kisanduku cha risasi ndani ya mpini. Asili ya mpango huo ni John Browning, zaidi ya miaka 100 iliyopita, na bastola nyingi za leo zinaufuata. Uzito wa slaidi ndio unaopima mwendo wa kazi yote hiyo. Ukiipunguza chuma itakwenda mbio kuliko ilivyokusudiwa, na huenda ikarudi mbele kabla magazini haijainua risasi inayofuata. Wanamichezo wa shabaha huzipunguza, ni kweli. Lakini wao hubadilisha na springi, wengine hata kipimo cha baruti, wakaijaribu kwa mamia ya risasi. Na ikiwakwamia, wamepoteza sekunde kadhaa za mashindano.

Mteja mmoja, dereva wa lori, aliniletea bastola iliyotobolewa madirisha kwa fundi mwingine. Alikuwa ameivaa kiunoni kiangazi kizima. Nilipoifungua nilikuta nyuzi za fulana zimejiviringa kwenye springi, na vumbi limechanganyika na mafuta hadi likawa zito kama uji wa wimbi. Kwenye kingo za madirisha, ule upande unaolala tumboni, kutu ilikuwa imeshaanza, rangi ya chai ya mkandaa. Kiwandani slaidi hutiwa dawa inayoufanya uso wa chuma uwe mgumu na usishike kutu kwa urahisi. Ukikata, umefika kwenye chuma kitupu, na yule fundi hakukipaka chochote. Tulikwenda naye uwanjani kuijaribu. Risasi ya nne, ganda likabaki limesimama kwenye tundu la kutokea, nusu ndani nusu nje. Alinyamaza kimya, akiitazama. Hii ndiyo aliyokuwa akilala nayo ndani ya lori. Na joto la Houston, lenye unyevu wake, halipishani sana na la Mombasa.

Kuna kazi ninayoikubali. Kulainisha kona kali zinazochuna ngozi, naikubali. Kuchonga kiti cha kioo chenye nukta nyekundu cha kulengea, naikubali pia, kwa sababu humsaidia mtu ambaye macho yake yameanza kuchoka. Hata hapo pana mtego. Skrubu ya upande wa kulia, kwenye Glock, hukaa juu ya njia ya kile kijiti kinachokisukuma kikucha cha kung'oa maganda. Ikizidi urefu kidogo tu, chini ya unene wa ukucha wako, inakibana kijiti, na maganda yanaanza kubaki ndani. Nimeshaletewa bastola ambazo wenyewe walilaumu risasi, kisha springi, kisha kiwanda, kumbe ni ncha ya skrubu. Anayetaka kioo anunue iliyochongwa kiwandani. Glock wanaziuza tangu 2015. Kile kizuizi kidogo kilichomo ndani ya slaidi, kinachoishika pini inayogonga risasi hadi triga ivutwe, asikiguse mtu kwa tupa wala msasa. Watu hukisugua ili triga iwe laini. Hicho ndicho kinachozuia bastola isijifyatue ikianguka sakafuni, mbele ya watoto.

Liko na suala la sheria, na hapa nawaomba vijana wa nyumbani wanisikie. Kwa sheria ya Marekani, kinachohesabiwa kuwa bunduki ni kile kiunzi cha chini chenye triga, ndiyo maana slaidi huagizwa kwa posta kama kipuri cha gari. Kenya sivyo. Sheria ya silaha, Sura ya 114, inahesabu sehemu ya bunduki kuwa bunduki. Atakayepita uwanja wa ndege wa Moi na slaidi ndani ya begi bila kibali, amepita na silaha. Tena Glock ina namba kwenye kiunzi, kwenye slaidi na kwenye mtutu. Ukibadilisha slaidi, namba hazilingani, nawe utamweleza nini askari aliyeishika leseni yako mkononi?

Mpwa wangu alinuna siku mbili, kisha akanipigia. Nikamuuliza bastola yake anaiwekaje. Akasema kwenye ala ya kitambaa iliyolegea, mkanda ule ule wa suruali ya ofisini. Kumbe ndiyo sababu inaonekana chini ya shati, ndiyo sababu alitaka slaidi ile, akidhani itakuwa nyembamba. Nimemwomba anipimie kiuno. Desemba nitamletea mkanda mpana wa ngozi, mgumu, na ala inayoziba triga yote.

Fundi wa Kibokoni,
Houston, Texas