Barua kwa Baba: mashimo ya Michigan na yale matawi ya Iyovi

Grand Rapids, Michigan
Jumapili jioni, mwezi wa Aprili

Baba yangu mpendwa,

Shikamoo. Kamwene. Naamini barua hii inakukuta goti limetulia na Mama hajambo. Huku tu wazima. Wajukuu wako wapo likizo, nyumba nzima ni kelele, na theluji ya mwisho imeyeyuka wiki iliyopita.

Juzi kwenye simu uliniuliza, "Kwani Marekani nako barabara zinatoboka?" Mtandao ukakata kabla sijajibu. Nimeona nikuandikie kwa kituo, kwanza kwa sababu umeendesha lori miaka mingi kati ya Dar na Tunduma na utaelewa kila neno, pili kwa sababu mwishoni kuna maneno ya mdogo wangu. Hayo naomba umsomee wewe mwenyewe. Nikimwambia mimi anaona ni maneno ya ughaibuni tu.

Zinatoboka, Baba. Mwezi uliopita nilikuwa natoka Chicago usiku kurudi huku, niko kwenye barabara kuu ya I-94 karibu na Kalamazoo, mvua inanyesha juu ya theluji. Shimo lilikuwa limejaa maji, likalingana na lami, sikuliona. Nilisikia pigo moja, usukani ukatikisika, na tairi la nyuma la trela upande wa kulia likapasuka. Nikavuta pembeni. Usiku huo nitaurudia.

Kushuka kupima shimo la barabara kuu haiwezekani, lakini mtaani kwetu lipo moja mbele ya nyumba, na Jumamosi nililichuchumalia. Nikaingiza mkono, ukazama hadi karibu na kiwiko. Juu kuna lami, unene wake haufiki kiganja. Chini yake zege la zamani limepasuka, na kwenye ufa ule kidole changu kilipita bure: kokoto za chini zimesombwa, pamebaki tope la baridi. Wewe ulinifundisha kwamba adui wa barabara ni maji. Huku maji yana silaha ya pili. Yakiingia kwenye ufa yakaganda, yanavimba kwa karibu asilimia 9, yanausukuma ufa. Mchana jua likitoka yanayeyuka na kushuka chini zaidi, usiku yanaganda tena. Hivyo hivyo kuanzia Desemba hadi Aprili. Barafu ikiyeyuka, chini panabaki uwazi, lori linapita, lami inadidimia. Kwa hiyo mashimo mengi hayazaliwi kwenye baridi kali, yanazaliwa sasa, majira ya kuyeyuka.

Halafu kuna chumvi. Wanaimwaga kwa malori ili barafu isishike, na bila hiyo tungekufa wengi, lakini maji yale ya chumvi yanakaa kwenye maungio ya zege na kuyala. Barabara nyingi za huku ni vipande vya zege vilivyopangwa kwa mfuatano, na maungio yakichoka kipande kimoja kinashuka na kingine kinapanda. Ukipita unasikia tadu, tadu, tadu, kama mabehewa ya TAZARA yakigonga maungio ya reli usiku pale Makambako. Mara nyingine nikiwa peke yangu nasikia sauti hiyo na nakumbuka nyumbani mpaka kifua kinabana.

Na hii ndiyo sehemu ya nchi iliyoanza mambo haya! Mwaka 1909, Woodward Avenue kule Detroit, walimwaga maili moja ya zege, ya kwanza ya namna yake kwa barabara ya nchi hii. Mwaka 1911, kwenye wilaya hiyo hiyo ya Wayne, wakachora mstari katikati ya barabara kutenganisha wanaokwenda na wanaorudi. Mstari ule mweupe uliokuongoza usiku wa ukungu pale Kitonga, huku wanasema asili yake ni hapa.

Sasa nikuambie la uzito, maana najua utalipenda. Michigan inaruhusu lori hadi pauni 164,000, zaidi ya tani 74, wakati kawaida ya barabara kuu za nchi nzima ni pauni 80,000, yaani tani 36. Kwenu kikomo cha Afrika Mashariki ni tani 56. Watu wengi huku wanayalaumu malori hayo kwa kila shimo, na mimi kwanza nilikubaliana nao. Lakini mzigo huo lazima ubebwe na ekseli 11, ile mihimili ya magurudumu, na ukigawanya, kila ekseli inabeba chini ya tani 7, pungufu kuliko ekseli nyingi za lori la kawaida. Barabara haijui jumla, inajua ekseli. Kati ya mwaka 1958 na 1960, jimbo jirani la Illinois, mahali panaitwa Ottawa, walijenga vitanzi sita vya barabara, wakawapa askari malori, wakayazungusha usiku na mchana kwa miaka miwili mpaka barabara zikafa. Walichokipata ni kwamba ukiongeza uzito wa ekseli mara mbili, uharibifu hauongezeki mara mbili, unaongezeka kama mara 16. Mara 16, Baba! Unakumbuka ulivyokuwa unarudi na hasira kutoka mizani ya Makambako, jumla iko sawa lakini ekseli ya nyuma imezidi, wanakuamuru ukapange mzigo upya? Nilikuwa mtoto, nikakuonea huruma. Leo nasema walikuwa sahihi kukurudisha.

Tena huku wana sheria ya kuyeyuka kwa barafu. Kuanzia kama Machi, ardhi ikiwa laini, wanatangaza kwamba kwenye barabara zisizo imara uzito wa ekseli unashushwa: asilimia 25 kwenye zege, asilimia 35 kwenye lami. Lori linatakiwa lisizidi maili 35 kwa saa kwenye barabara hizo. Dereva asiyefuatilia tangazo anaweza kuondoka nyumbani akiwa halali na kufika akiwa mkosaji. Naipenda sheria hii. Inakiri kwamba barabara ina majira ya udhaifu kama mwili wa mtu anayetoka kuugua.

Fedha za matengenezo zimeleta ugomvi wa miaka. Gavana Gretchen Whitmer alishinda mwaka 2018 kwa ahadi ya kutengeneza barabara. Mwaka uliofuata akataka kuongeza senti 45 kwenye kila galoni ya petroli, wabunge wakakataa. Januari 2020 ikabidi jimbo likope dola bilioni 3.5 kwa hati fungani ili kujenga upya barabara kuu. Tangu hapo kila ninakopita pamefukuliwa.

Wanajenga namna hii. Magari ya pande zote mbili yanahamishiwa upande mmoja, katikati inawekwa kuta fupi za zege, halafu upande wa pili unabomolewa mpaka udongo. Siku hizi pengine hawaondoi zege la zamani: inakuja mashine inaliponda palepale, linakuwa kokoto, wanashindilia na kumwaga lami juu. Pengine wanachimba lote, wanalaza bomba la kutoa maji pembeni, mchanga, mawe, ndipo zege jipya lenye vyuma kwenye maungio ili vipande visipishane. Nikiona bomba lile la maji nafurahi. Mkandarasi anayeanza na maji anajua kazi.

Lakini kilichonifanya nishike kalamu hasa ni alama.

Rangi ya chungwa huku ni ya kazi za barabara. Ukiiona, mguu unatoka kwenye mafuta wenyewe. Kwenye barabara kuu kibao cha kwanza kinakukuta karibu maili nzima kabla ya kazi: KAZI YA BARABARA MBELE. Kinafuata cha pili, njia ya kulia imefungwa. Cha tatu, mchoro wa njia mbili kuwa moja. Ndipo yanaanza mapipa ya plastiki ya chungwa yenye mistari inayong'aa, yamepangwa mshazari, yanakusukuma pole pole bila kukushtua. Lori langu likiwa na mzigo, kwa maili 65 kwa saa, linahitaji kama mita 160 kusimama, na hapo barabara ni kavu. Aliyepanga vibao vile alilijua hilo. Alinifikiria kabla sijafika.

Na kuna kibao kingine, hicho nilipokiona mara ya kwanza nilinyamaza njia nzima. Kinasema ukimjeruhi au kumuua mfanyakazi: dola 7,500 na miaka 15. Ni faini na kifungo, vimeandikwa pembeni ya barabara ambapo yule mfanyakazi mwenyewe anaweza kuvisoma. Kibarua mwenye koleo anajua kwamba uhai wake una sheria.

Si kwamba kila kitu kimekaa sawa. Kuna wakandarasi wanaoacha vibao siku ambazo hakuna mtu kazini, na dereva akidanganywa mara tano, mara ya sita hapunguzi. Kuna mahali walihamisha njia wakafuta mistari ya zamani nusu nusu. Mvua ya usiku ikinyesha, ya zamani na mipya yote inang'aa, hujui ufuate upi. Nimewahi kuifuata ya zamani kwa hatua kadhaa, pipa likanipigia kioo. Namshukuru Mungu lilikuwa pipa.

Kanisani kwetu, ibada ya Kiswahili, wengi ni Wakongomani. Mmoja wao, mtu wa Uvira, anafanya kazi ya kushika kibao cha SIMAMA na PUNGUZA kwenye barabara za mashambani. Nilimuuliza anaogopa nini zaidi. Akasema, "Miye naangaliaka macho ya dereva. Kama haniangalie, naruka." Amesharuka mara mbili. Anasema upepo wa lori ukimpita unataka kumng'oa kofia, na kwamba kizibao chake cha reflekta anakifua mwenyewe kila Jumamosi kwa sababu vumbi likikiziba hakiwaki.

Usiku ule wa Kalamazoo, tairi likiwa limepasuka, nilishuka na pembetatu zangu tatu. Sheria inataka uziweke ndani ya dakika 10, na kwenye barabara ya upande mmoja zote zinawekwa nyuma yako: mita 3, mita 30, mita 60. Nilitembea pembezoni na mvua ile nikihesabu hatua, malori yakinipita, na nilipoweka ya tatu, ile ya mbali, nilimwona Anko, yule utingo wako.

Baba, hatujawahi kulizungumza. Nilikuwa darasa la sita. Nakumbuka ulivyorudi nyumbani bila lori, shati halina kola, ukakaa kwenye kigoda cha jikoni usiseme kitu, na Mama akapeleka uji kwa mke wa Anko kabla hakujapambazuka. Baadaye nilisikia kwa wakubwa: difu ilivunjika kwenye kona za Iyovi, usiku, na Anko alikata matawi akayalaza barabarani kama kila mtu anavyofanya. Aliyalaza hatua chache tu nyuma ya trela, kwa sababu kona ilikuwa karibu na panga lilikuwa butu. Lori lililokuja liliyaona matawi na kumwona yeye kwa wakati mmoja. Sikukulaumu wewe, sikumlaumu hata yule dereva. Matawi hayang'ai, na yalikuwa karibu mno. Tangu nianze kuendesha nimeelewa kwamba Anko aliuawa na zile mita ambazo hazikuwepo.

Sasa la mdogo wangu. Nilifurahi kusikia amepata kibarua kwa mkandarasi wa barabara. Akanitumia picha kwa WhatsApp, amesimama katikati ya lami anacheka, greda nyuma yake. Niliikuza picha. Amevaa shati la bluu. Hakuna koni. Pembeni, hatua kama kumi kutoka alipo, kuna tawi la mwarobaini limegandamizwa na jiwe. Hilo ndilo kibao chao.

Msomee hivi, Baba. Mwambie kila asubuhi kabla hajashika koleo amuulize msimamizi alama ya kwanza iko wapi, na aende aione kwa macho. Iwe mbali, nyuma ya kona, si kwenye kona. Ikiwa hakuna vibao, hata madumu yaliyopakwa rangi yatasaidia mchana, lakini jioni asikubali kubaki barabarani kwa matawi. Awepo mtu wa bendera kila upande, na mtu huyo asigeuze mgongo kwa magari. Jirani yetu anakuja Dar mwezi ujao. Nimempa vizibao viwili vya reflekta, kimoja cha mdogo wangu, kingine ampe anayefanya naye kazi karibu zaidi, kwa sababu akivaa peke yake ataona aibu atavua. Avifue kama yule ndugu wa Uvira.

Na wakimwambia kama hataki aondoke, aondoke. Arudi nyumbani siku hiyo hiyo. Posho ya wiki hiyo nitamtumia mimi, na ya wiki inayofuata pia, mpaka apate kazi nyingine. Mwambie nimesema hivyo na nimeandika.

Mpe Mama shikamoo yangu. Dawa ya goti usiiache kwa sababu maumivu yamepungua. Kesho alfajiri napakia kwenda Saginaw. Nitakupigia nikifika, na safari hii nitapaki kwanza.

Mwanao