Msaada wa chuo uanze kabla ya barua ya kuitwa

Kwa Mhariri,

Matokeo ya KCSE, mtihani wa mwisho wa sekondari nchini Kenya, yakitoka, Mombasa hushangilia waliofikia C+, kiwango cha kuingia chuo kikuu. Miezi michache baadaye harambee huanza. Barua ya kuitwa chuoni imefika, karo haipo, na familia inapita msikitini, kanisani na kwa diwani ikiomba. Tuendelee kuchanga, ndiyo. Lakini mchango huo humfikia kijana akiwa ameshaamua peke yake, bila mtu wa kumwelekeza, mambo yatakayoamua asome nini na alipe kiasi gani.

Nafundisha kidato cha nne Kisauni. Wanafunzi wetu hupotelea kwenye fomu. Maombi ya KUCCPS, shirika la serikali linalowapangia wanafunzi vyuo na kozi, hujazwa mtandaoni, na kozi hutolewa kwa alama za masomo maalumu, si kwa gredi ya jumla pekee. Asiyeelezwa hili huomba uuguzi ilhali baiolojia na kemia zake ni dhaifu, akakosa alichotaka. Wengi hujaziwa na mhudumu wa saiba, duka la intaneti, mwenye foleni ya wateja. Simlaumu, kazi yake ni kuandika anachoambiwa. Aliyepata C- naye hukaa nyumbani akiamini masomo yamekwisha, na Kenya Coast National Polytechnic iko papa hapa mjini, ambako angesomea diploma.

Halafu kuna pesa. Kwa mfumo ulioanza 2023, ambao umebishaniwa hadi mahakamani, mwanafunzi hupimwa kwa hali ya nyumbani kwao ndipo apangiwe ufadhili na mkopo. Sasa mtoto wa kibarua wa bandarini, au wa mama anayeuza mahamri Likoni, atajuaje kipato cha nyumba kwa mwezi? Huandika tarakimu yoyote inayomjia, na tarakimu hiyo inaweza kumweka kundi moja na mtoto wa mwenye mshahara mnono.

Kuna jambo jingine tunalolinong'ona tu: riba. Mkopo wa HELB, bodi ya serikali ya mikopo ya elimu ya juu, hutozwa asilimia 4 kwa mwaka, na nyumba nyingi za Kiislamu hapa hazitaki kuugusa. Ni msimamo wa imani, nami nauheshimu. Kinachoniuma ni kuona wazazi wakiiacha fomu nzima kwa kudhani kila kilichomo ni deni, ilhali ufadhili wa serikali haurudishwi. Mashekhe na maimamu wetu wakae na maafisa wa HELB, jambo hili lielezwe barazani na kwenye hotuba za Ijumaa. Na viongozi wetu wasichoke kudai mkopo usio na riba.

Mji huu una historia ya kusomesha. Chuo Kikuu cha Kiufundi cha Mombasa, pale Tudor, kilianza miaka ya 1940 kama taasisi ya elimu ya Waislamu, kwa michango ya Aga Khan na Sultani wa Zanzibar miongoni mwa wengine. Kikawa Mombasa Polytechnic 1972, na 2013 kikapata hati ya chuo kikuu. Wanafunzi wake wa leo wamezijaza fomu hizi juzi tu. Hao ndio wa kuwafundisha wadogo zao.

Naiomba serikali ya kaunti, wakati wa maombi, ifungue kila wadi meza yenye kompyuta na intaneti ya bure, vijana hao wakae hapo na walipwe posho. Nasi walimu tuanze muhula wa pili wa kidato cha nne: waliotimiza miaka 18 wakachukue kitambulisho, na mzazi aitwe shuleni aandike kipato cha nyumba pamoja na mwanawe. Basari nazo zifike chuoni kabla ya siku ya kuripoti. Hundi inayokuja muhula ukiwa katikati humkuta mtoto ameshafungasha na kurudi nyumbani.

Mwalimu,
Kisauni, Mombasa