Barua kwa mwanangu: kisu cha kwenda nacho Ukerewe

Kirumba, Mwanza

Mwanangu mpendwa,

Picha ya kisu cha kukunja uliyonitumia nimeitazama kwa makini, nami nakusihi usikinunue. Kinang'aa, na wewe tangu zamani hupenda vitu vinavyong'aa, lakini sioni loki popote, yaani kile kizuizi kinacholishika bapa lisijifunge. Bapa lake linashikiliwa na springi peke yake, kwa hiyo ukiubana mgongo wake kwa nguvu litajikunja na kurudi kwenye mpini, mahali vilipo vidole vyako.

Utanijibu kwamba hata visu vya Victorinox vya Uswisi, vile vidogo vyekundu, vingi vyake hushikiliwa na springi. Ni kweli, na kwa kumenya chungwa ukiwa umekaa vinafaa sana. Wewe, hata hivyo, utakuwa ndani ya mtumbwi unaoyumba, ukikata kamba za nyavu zilizolowa, na siku moja utaingiza ncha ndani ya fundo ili ulilegeze. Hapo ndipo kisu kisicho na loki hujifunga ghafla. Kano ya kidole ikikatika hutakiwa kushonwa na daktari wa upasuaji, na kutoka huko Ukerewe, hospitali ya Bugando hapa Mwanza utaifikia kwa kuvuka maji.

Tafuta kingine chenye loki. Dukani, kifungue mpaka usikie loki ikiingia, kisha shika mpini ubavuni, vidole vikiwa mbali na njia ya bapa, uukandamize mgongo wake taratibu kwenye ukingo wa meza. Kikilegea au kikicheza kushoto na kulia, kirudishe, hata muuzaji akipunguza bei. Loki iliyo mgongoni mwa mpini, ambayo hubonyezwa ili kufunga, ndiyo ninayoipenda zaidi. Ipo nyingine, ukanda mwembamba wa chuma ndani ya mpini unaoruka na kukaa nyuma ya bapa; nayo ni nzuri, ila wakati wa kuifunga kidole gumba husimama njiani mwa makali, na wewe una haraka. Opinel ya Ufaransa ina pete ya kuzungusha, iliyoongezwa mwaka 1955, na loki yake ni ya kuaminika, lakini mpini wake wa mti ukilowa huvimba hata bapa likawa gumu kutoka. Kwa mtu wa ziwani hilo ni tatizo la kila siku.

Bapa la sentimita 7 au 8 linatosha. Chagua chuma kisichoshika kutu, na mpini wenye mikwaruzo, kwa maana utelezi wa sangara huufanya mpini laini uchomoke mkononi. Ukipata chenye ncha butu, kama visu vya mabaharia vya kukatia kamba, kichukue bila kusita: chombo kikiyumba hakitamchoma mwenzako. Kinoe mara kwa mara, kwa sababu kisu chenye makali butu hukulazimisha kutumia nguvu nyingi, na nguvu hiyo ndiyo inayokipeleka pasipotakiwa. Nacho usikibebe harusini wala penye pombe.

Mkufunzi wako ameniambia kwamba hakuna anayeshona nyavu vizuri kuliko wewe darasani, na maneno hayo nimeyarudia kwa kila mteja hapa mwaloni. Mikono hiyo ndiyo ninayoiombea, baba yangu, ndiyo maana nasema habari ya loki mpaka unanichoka.

Dagaa wa wiki hii hawakukauka vizuri kwa ajili ya mvua, lakini gunia lililobaki likiuzika nitakutumia kwa simu fedha ya kuongezea. Mama yako mdogo anakuja Nansio Alhamisi. Nimempa jiwe la kunolea lililokuwa jikoni, pamoja na koti la mvua ulilolisahau. Mrudishie ile ndoo yenye mfuniko, bibi yako ameiulizia mara mbili.

Kabla hujalipa, nitumie picha ya kisu kikiwa wazi, upande wa loki.

Mama yako