Skrini ya simu haigeuki yenyewe

Mhariri, salaam. Juzi mliandika eti skrini inageuka ukiilaza simu sababu ya programu tu, hapana jamani, mle ndani kuna kamashine ka kweli, kauzito ka silikoni (ile ya kutengenezea chipu) kamening'inia kwenye vispringi vyembamba kuliko unywele, ukiinamisha simu kanasogea kidogo mno na saketi inapima pengo kati yake na vibamba vya pembeni limebadilika kiasi gani. Na hakuna fundi anayekaunga kwa mkono! Wanapaka matabaka juu ya sahani ya silikoni, wanachora kwa mwanga, halafu tabaka la chini la oksaidi (silikoni iliyoungana na oksijeni) wanaliyeyusha kwa asidi ndo kauzito kanabaki kanaelea. Hata eabegi za magari, ile mifuko ya hewa inayofumuka ajali ikitokea, zinategemea vitu hivihivi. Fundi wangu wa simu kanibishia mpaka chai ikapoa.